Mpango Mkuu wa Kumtuliza Kifusi Garini

Kabla sijawatambua wageni, nijitambue mimi mwenyewe, maana itifaki inataka mkubwa atangulie: mimi ni Nashoni, Mratibu Mkuu wa Mpango Shirikishi wa Utulivu wa Mbwa Vijana Safarini, Kanda ya Tarime na Serengeti, mtu ambaye bila yeye, na sisemi kwa kujisifu, hakuna mbwa ambaye angevuka Mto Mara akiwa amekaa. (Makofi.) Ndugu Mwenyekiti wa Kitongoji, ndugu wenye maduara, yaani mashimo ya dhahabu, na ndugu mnaotafuta maduara, Bwana Faridu uliyefunga duka lako la vitambaa Tarime ukaja, ujumbe mzito wa watu wawili kutoka Ringwani, wapondaji wa mawe, mama lishe, wazee mliotoka Busawe, shikamooni, shemeji yangu Mzee Nyamhanga, na wewe uliyesimama kule nyuma ambaye sikujui lakini umezingatiwa, nawasalimu. (Aliye nyuma anapunga mkono.)

Ndugu wananchi, kama mnavyofahamu, tangu dhahabu ianze kutoka hapa Nyangoto kila mtu ana haraka, kila chenye magurudumu kinabeba mawe kwenda karasha kusagwa, na katika mazingira hayo ya maendeleo ya kasi, sekta ya mbwa ilisahaulika. Utafiti wangu, nilioufanya nikiwa nimekaa, unaonyesha kwamba asilimia themanini na tatu ya mbwa wadogo hawajashirikishwa katika usafiri, na asilimia ishirini na tisa iliyobaki haikukutwa nyumbani. (Minong'ono ya hesabu.)

Sasa suala lenyewe. Mpwa wangu Wegesa, anayeponda mawe hapa, ana mbwa wa miezi tisa aitwaye Kifusi, ambaye kazi yake tangu utotoni ni kulala pembeni ya viroba vya mawe na kubweka kiroba kikitikiswa. Kule Busawe, baba yake Wegesa, yaani shemeji yangu Mzee Nyamhanga, fisi walikuwa wamempunguzia mbuzi kutoka kumi na tisa hadi kumi na mmoja, naye akaapa kwamba Jumamosi ikifika hajapata mlinzi anauza wote waliobaki, na mzee wa Kikurya akibaki na zizi tupu hata barazani hana la kuzungumza. (Mzee Nyamhanga anatazama chini.)

Mbwa yupo, mbuzi wapo, tatizo ni gari. Safari ya kwanza ya kumpeleka Busawe, Kifusi alirukia mapajani mwa dereva Selestine, pikapu ikaingia shamba la mihogo la watu. Selestine, kijana mwenye adabu zake, akasema: "Dada Wegesa, nakuheshimu. Lakini huyu akipanda tena vile, usukani akamate yeye, mimi nitakaa nyuma nibweke." Akatoa nafasi moja ya mwisho, siku ya Ijumaa.

Hapo ndipo Mpango, yaani mimi, ulipoingilia kati kwa stratejia ya awamu tatu. Awamu ya Kwanza, Uelewa Jumuishi: gari limesimama, limezimwa, milango wazi, Kifusi anapewa dagaa mle ndani, anapanda akitaka, anashuka akitaka. Aliyempa dagaa ni Wegesa. Mimi niliratibu dagaa. (Kicheko. Mtoa hotuba anasubiri kiishe.) Awamu ya Pili, injini inaunguruma bila kwenda popote, hali ambayo sisi viongozi tunaielewa vizuri. Awamu ya Tatu, hadi karasha na kurudi. Akitulia anasifiwa, akiruka hapigwi wala hafokewi, gari linasimama mpaka akae mwenyewe. Na siku ya safari hapewi ugali asubuhi asije akaurudisha njiani, anatandikiwa kanga kuukuu ya Wegesa yenye harufu ya nyumbani, anafungwa mkanda wa kifuani, si wa shingoni, usiomfikisha kwa dereva. Hadi Alhamisi Kifusi alikuwa analala garini kama mstaafu.

Ijumaa ikafika, nami nikaongeza utaalamu. Niliona pikapu tupu inarukaruka, mbwa atachafukwa na tumbo, kwa hiyo nikaagiza, kwa maslahi mapana, vipakiwe viroba sita vya mawe vya kutuliza gari, na Kifusi akae katikati yake. (Akina mama wanatazamana.)

Ndugu wananchi, alibweka kutoka hapa mpaka tukavuka Mto Mara. Kila shimo la barabara, anaanza upya, mate yanamtoka, miguu inamtetemeka. Selestine akasimamisha gari. "Mjomba, tunageuza." Mimi nikapendekeza semina. Wegesa alipanda nyuma, akatikisa kiroba kimoja kwa mkono, mbwa akabweka. Akaacha, mbwa akanyamaza. Akatikisa tena.

"Mjomba, huyu haogopi gari. Yuko kazini. Umempakia na mawe, anaona tunaibiwa njia nzima."

"Hiyo nimeiweka kwenye taarifa."

"Taarifa gani?"

"Inaandaliwa."

"Basi shusha viroba."

Vikashushwa vyote sita kando ya barabara. Kifusi akazunguka mara mbili juu ya kanga, akajilaza, na kwa mujibu wa Selestine walimwamsha mara moja tu, anywe maji na kujisaidia, kisha akakoroma hadi Busawe. Leo ni wiki ya tatu, mbuzi bado ni kumi na mmoja, na mmoja ana mimba. (Makofi ya kweli. Mzee Nyamhanga anainua fimbo.)

Kwa hiyo nikisema Mbwa, semeni Atulie. Mbwa. (Atulie.) Gari. (Liende.) Mpango. (Kimya.)

Mwisho, namshukuru Wegesa, aliyekuwa sekretarieti. Nawashukuru wafadhili, ambao sijawaandikia. Naishukuru ofisi ya Mpango, watumishi wake kumi na wanne na jengo lake la ghorofa, vitu ambavyo, kwa uwazi na uwajibikaji, havijawahi kuwepo, wala Mpango wenyewe. Kulikuwa na dagaa, kanga na mpwa mwenye subira. Na kwa kuwa mmeshaanza kuulizana, siku ile mimi Busawe sikufika. Mawe ya watu hayaachwi barabarani, na mlinzi wake alikuwa amelala garini. Nilikaa juu ya viroba mpaka saa kumi jioni, na kila aliyesogea nilimpigia kelele mpaka akavuka upande wa pili.