Konokono wa Darasa na Kiwiko Changu

Jumamosi, 8 Machi

Amefika! Konokono wa darasa la Binti yangu yuko juu ya kabati letu, ndani ya sanduku la plastiki lenye udongo. Mkubwa kama ngumi ya mwanamume. Darasani wanamwita Meneja, kwa sababu anaamka anapotaka. Tutakaa naye likizo nzima ya wiki moja. Mwalimu katuma karatasi: joto kati ya 23 na 27, unyevu asilimia 80, udongo uwe mbichi bila kulowa chapachapa, jua lisimpige. Na kipimo kidogo kimebandikwa ubavuni mwa sanduku.

Mwandiko mzuri. Lakini mimi nimelea watoto wawili, na maji yao ya kuoga nilipima kwa kiwiko. Nikatia kiwiko kwenye udongo. Baridi! Kipimo kinasema 25. Kitakuwa kibovu.

Jumapili, 9 Machi

Wifi kapita. Anakaa mlango wa pili, na mwanawe yuko darasa moja na Binti. Likizo iliyopita Meneja alikuwa kwake, akanenepa. Leo kainama juu ya sanduku, kaguna, kasema mbona kama amenuna, au anakumbuka alikotoka. Nikamkaribisha chai. Moyoni nilisema mengine.

Jambo lenyewe ni hili. Jumatatu ya kufungua shule Binti asimame mbele ya darasa, Meneja kiganjani, aeleze anavyoishi. Binti huyu ambaye tangu aanze shule hajatoa neno mbele ya watu! Akiulizwa anatazama viatu. Hili kakubali mwenyewe. Ila kasema Meneja akiwa amelala, yeye hasemi. Na akikataa, zamu ni ya mtoto wa Wifi. Yule huongea hata usingizini.

Lazima Meneja awe macho. Lazima!

Jumanne, 11 Machi

Jana nilimwekea chupa ya maji moto chini ya sanduku, nikalifunika kwa blanketi la Mdogo, nduguye Binti. Mdogo kalia, kavumilia.

Leo udongo mkavu kama unga. Meneja kaingia ndani ya nyumba yake, kaziba mlango kwa utando mweupe. Binti kaniuliza kwa sauti ya chini kama amekufa. Nikamwambia hapana mama, yuko kwenye kikao.

Mume wangu kasema nisome karatasi. Nikamuuliza karatasi hiyo imezaa wangapi.

Jumatano, 12 Machi

Nimepata! Nafanya kazi kwa dobi, napiga pasi ya mvuke kutwa. Joto lipo, unyevu upo, vyote vya bure. Nikaenda na Meneja, nikamweka kando ya meza yangu. Kiwiko kikasema vuguvugu tu.

Fundi wa mashine akapita, akachungulia kipimo. Thelathini na nne! Akauliza, dada, huyu ni wa kufuga au wa chakula cha mchana? Kisha akasema mtu aliyesimama kwenye mvuke miaka sita, kiwiko chake ni kisigino, kisitegemewe. Sijamsemesha tena mpaka jioni.

Bosi naye kamwona. Konokono nje. Amesema mimi nibaki, mashati yapo mengi.

Ijumaa, 14 Machi

Nimefikiri sana. Ukavu ndio ulimfungia mlango, basi dawa ni maji. Nikamimina jagi zima. Udongo ukawa uji, Meneja akawa anaelea huku na huku, mlango bado umefungwa. Nikamwopoa kwa upawa.

Wakati huohuo nani mlangoni? Wifi! Mkononi sanduku lake mwenyewe, limeoshwa. Kasema kwa upole kwamba kalileta tu, huenda likahitajika. Upole ule unaouma.

Jioni nimemkuta Binti amepiga magoti sakafuni, anamsomea Meneja maneno yake. Kwamba anakula tango. Kwamba anapenda ganda la yai lililosagwa, ili gamba lake libaki gumu. Neno kwa neno, bila kukwama. Kisha kamwomba, tafadhali amka. Nikafuta macho kwa shati la mteja nililokuja nalo kutoka kazini.

Jumapili, 16 Machi

Jana nikiwa sokoni mume wangu kabadilisha udongo, kaunyunyizia kidogo, kalisogeza sanduku kwenye kivuli. Kisha kanyunyizia tena jioni, jicho kwenye kipimo. Karatasi kaibandika ukutani, kana kwamba ni cheti.

Asubuhi hii utando umetoboka. Pembe mbili! Halafu zile fupi mbili! Binti karuka, Mdogo kapiga makofi, mimi nimepiga kelele mpaka Wifi kaja na mwiko mkononi. Meneja kala tango mbele yake, tena polepole, makusudi.

Nikamwambia mume wangu, waona sasa, ile chupa ya maji moto imeanza kufanya kazi. Kamaliza kikombe chake. Kasema ahsante kwa chai.

Jumatatu, 17 Machi

Kasema! Mwalimu kanisimulia getini. Binti kasimama, katazama viatu, kamtazama Meneja, kisha kaanza: konokono huyu mama alimkausha, akampika, akamzamisha, lakini hakufa. Darasa zima likaangua kicheko. Naye kacheka! Baada ya hapo haikuwezekana kumnyamazisha. Tango, ganda la yai, joto, unyevu, yote. Mtoto wa Wifi kataka kumshika Meneja, kaambiwa kwa sauti asubiri zamu yake.

Mwanangu huyo!

Mwalimu kanishika mkono, kasema labda likizo ijayo tumpumzishe mama, achukue mzazi mwingine. Jinsi anavyonijali! Nikamwambia mimi sichoki. Nikamwomba samaki wawili wekundu wa darasa la pili, nikawabeba kabla hajamaliza kufikiri.

Nao wana karatasi. Maji ya kawaida, yasipashwe moto.

Nimekaa nawatazama saa nzima. Wanatikisa mikia bila kupumzika. Kama hiyo si baridi, ni nini? Birika nimeshalibandika.