Wastani wa Maji Mtaani Umepanda

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa unyenyekevu mkubwa ni mimi mwenyewe baada ya yule tuliyemwalika kupata udhuru. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati Ndogo ya Maji. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati Kubwa inayoisimamia Kamati Ndogo. Wazee wetu, kina mama, vijana mliokaa juu ya ukuta licha ya kukatazwa, mke wangu mpenzi, shemeji yangu fundi bomba, na wadau wote ambao itifaki imewameza: hamjambo? Hamjambo tena? (Makofi hafifu. Mtu anakohoa.)

Nimesimama hapa kwa furaha isiyo kifani kuwasilisha mafanikio ya Mradi Jumuishi wa Kuboresha Upatikanaji Endelevu wa Maji Mtaani, na kwa kuwa mimi si kiongozi wa maneno matupu, nimekuja na grafu mbili za nukta, zenye rangi, ambazo mkizitazama hapa ukutani mtaona kila nukta ni mlango mmoja kati ya kumi na moja tuliyoichagua kitaalamu, ikiwemo zahanati yetu, na namba zilizo chini, kuanzia sifuri hadi ishirini na nne, ni saa ambazo bomba la mlango huo linatoa maji kwa siku. Kushoto ni kabla ya mradi. Jamani, oneni unyonge ule! Nukta zote zimebanana kwenye moja, mbili na tatu. Wastani, mbili. Namba ya katikati, mbili. Inayojirudia zaidi, mbili. Mtaa mzima hauna hata mmoja mwenye ndoto! (Vicheko.)

Sasa geukeni kulia, baada ya mradi. Tumejumlisha saa zote, tumegawa kwa milango yote, na wastani umetoka mbili hadi tatu, ongezeko la asilimia hamsini, tena chini ya uongozi wangu, na sisemi hivyo ili nijisifu, nasema kwa sababu hakuna mwingine aliyejitokeza kunisifu. (Kamati zote mbili zinapiga makofi.)

Mwalimu wa hesabu, shusha mkono, swali lako nalijua. Hata ofisini wapo vijana walionishauri nitumie namba ya katikati, yaani nipange milango yote foleni, kuanzia wenye maji kidogo hadi wenye maji mengi, niuchukue ule wa sita, na wakadai eti hiyo imeshuka kutoka mbili hadi moja. Nikawauliza, huyo wa sita amefanya nini cha maana? Si amesimama tu katikati? Wakaniletea inayojirudia zaidi, ambayo kulia ni sifuri, milango mitano. Nikawaambia sifuri si kitu, na kisicho kitu hakiwezi kupima kazi yangu. Wastani ndio haki, maana hauachi mtu nje. (Minong'ono. Sauti ya mwanamke: "Mheshimiwa, mojawapo ya hizo sifuri ni zahanati yangu!")

Ah, mama mkunga. Sema, mama, ila kwa kifupi. ("Juzi nimezalisha, sina hata tone la kunawa mikono. Bibi wa mtoto ndiye aliyezunguka na ndoo kwa majirani, na majirani nao hawana. Nipe saa moja tu kwenye chumba cha kuzalishia, baba. Hizo tatu sizitaki.")

Mama, nimekusikia na nimeguswa sana. Lakini tusiendeshwe na hisia. Kitakwimu, zahanati yako inapata maji saa tatu kwa siku, kama kila mtu hapa. Kama huyaoni, hilo ni suala la uelewa, na tutakuandalia semina. (Zogo. Fundi viatu anapaza sauti: "Na ile nukta ya peke yake kwenye ishirini na nne ni ya nani?")

Ile ni nyumba ya mfano. Ndiyo iliyotubeba wote, maana ukiiondoa, wastani wenu unaporomoka hadi chini ya saa moja, kwa hiyo badala ya kuionea kijicho, muishukuru. Ni nyumba ya kiongozi ambaye halali vizuri kwa kelele za matangi yanayofurika kwa niaba yenu. (Miguno.)

Nihitimishe kwa kaulimbiu. Wastani! ("Juu!" inaitikia Kamati Kubwa.) Maji kwa wote! ("Kwa wastani!" inaitikia Kamati Ndogo.)

Namshukuru mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliyetuazima bomba hili nililolikatia utepe, ambalo analitaka kabla hajafunga duka. Nawashukuru maofisa mipango, walioniahidi kwamba mradi wenyewe, ukishapata mfadhili, utaanza kufikiriwa mwakani. Na kwa namna ya pekee namshukuru shemeji yangu, ambaye bila bajeti wala mkandarasi, kwa spana moja tu, aliyageuza maji ya bomba la mtaa yakaingia kwangu, na hivyo kutupatia ile ishirini na nne. Ahsanteni kwa kunisikiliza.

(Mama mkunga anasimama na kuinua ndoo aliyokuwa ameikalia. Wengine wanachukua zao, walizoambiwa waje nazo kwenye uzinduzi. Wanaondoka pamoja.)

Mbona mnaondoka kabla ya burudani? Kamati, wazuieni! Jamani, barabara kuu ni upande ule, huko ni kwangu! Mama mkunga, subiri tuzungumze, hata hiyo saa moja tunaweza... Shemeji! Piga simu nyumbani wafunge geti!