Shahidi wa Ubao Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Vita! Mwenyekiti wa jengo letu, muuguzi mstaafu, ametangaza kwamba ukuta mmoja wa ukumbi wa chini utabomolewa kupisha pampu ya maji. Mbao za matangazo ziko mbili. Utabaki mmoja. Kamati itaamua Jumapili: ubao wangu au wa shemeji.

Wangu una miaka kumi na mmoja. Juu yake nimepigana na unafiki, uvivu na wanaoacha ndoo ngazini. Wiki hii ipo "Hoja Dhidi ya Uzembe, Sehemu ya Kumi na Nne". Kurasa saba, herufi ndogo. Wa shemeji una nini? Yeye ni fundi saa, kaka wa mke wangu, mtu wa maneno ya kuhesabika. Anabandika vijikaratasi: funguo zimeokotwa, bomba linalovuja hufungwa hivi, mama wa ghorofa ya tatu kajifungua salama. Huo ni uandishi?

Mke wangu kasema watu waachwe waamue wenyewe. Nimemwambia watu hawajui wanachokipenda mpaka waonyeshwe takwimu.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda kwa fundi redio. Nimerudi na chipu ndogo, upana wa vidole viwili, na kihisi mwendo chenye jicho jeupe kama nusu yai. Mtu akipita, kihisi kinaishtua chipu, taa nyekundu inawaka, chipu inaongeza moja. Nimekiita Shahidi. Fundi alijitolea kuniandikia programu. Nimekataa. Mtu wa Sehemu Kumi na Nne ashindwe na mistari ishirini?

Jumatano, 5 Machi

Mama wa ghorofa ya pili kapita mbele ya ubao wangu na ndoo yake. Mara moja. Shahidi kahesabu 2,316.

Moyo uliniambia ninyamaze tu. Lakini jengo zima lina watu sitini. Fundi redio kacheka mpaka kashika meza. Kanieleza kwamba chipu haichoki kuuliza, mtu yupo? yupo? yupo? na mimi nimeiamuru iongeze moja kila inapojibiwa ndiyo. Iongeze pale tu jibu linapogeuka kutoka hapana kuwa ndiyo. Akamalizia kwamba hata kuku hahesabiwi kwa unyoya, mzee wangu.

Nimerekebisha. Kwa uchungu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimetengeneza Shahidi wa pili kwa ajili ya ubao wa shemeji. Wote wawili nimewaficha ndani ya makopo ya rangi yaliyotobolewa. Saa nne, wangu: 12. Saa tano: 26. Saa sita: 38! Umma umeamka!

Mke wangu kauliza kwa upole nimeshuka mara ngapi kutazama. Mara kumi na tisa, nikasema. Basi kwenda na kurudi, akasema, ni thelathini na nane.

Nimemgeuza Shahidi wangu kidogo, atazame na mlango wa ngazi. Si udanganyifu. Ni upana wa mtazamo.

Jumamosi, 8 Machi

Wangu: 412. Wa shemeji: 23. Ishirini na tatu!

Shemeji mwenyewe kanikuta nanakili. Kauliza, shemeji, hilo kopo linatafuta nini? Ukweli, nikamjibu. Akasema hakujua kwamba siku hizi ukweli unaishi koponi. Akaondoka zake polepole, kama mshale wa saa.

Jumapili, 9 Machi

Kikao. Nimesoma takwimu zangu kwa sauti ya radi. Shemeji kaomba jambo moja tu: Mashahidi waelekezwe kwenye mbao zenyewe, kisha kamati nzima isome ubao wangu dakika tano, na wake dakika tano. Nimekubali kwa mbwembwe.

Ubao wangu: taa inawaka na kuzimika bila kupumzika! Mshona viatu anajikuna. Mwenyekiti anapiga miayo na kujipepea. Mama wa ndoo anageuka kutafuta kiti. Kumi na saba! Nimepiga makofi peke yangu.

Ubao wa shemeji: taa iliwaka mara moja walipofika. Ikazimika. Watu wanane, shingo mbele, kimya. Tisa, tukimhesabu mke wangu. Kumi, tukihesabu na mimi. Palikuwa na maelezo ya kuzuia mlango usilie, na mlango wangu unalia.

Nimetangaza ushindi: kumi na saba kwa moja! Mwenyekiti kaniita baba, kama alivyokuwa akiwaita wagonjwa, kisha kaniambia kidude changu kinahesabu wanaotikisika, na anayesoma hatikisiki. Nimeandika kurasa saba kujibu hoja fupi kuliko hiyo. Leo nimekunja tu karatasi yangu ya takwimu.

Ubao uliobaki ni wa shemeji. Kanipa kona ya chini, upana wa kiganja, kwa ukarimu wa kuudhi. Na Sehemu ya Kumi na Tano ina kurasa tisa!

Jumatatu, 10 Machi

Nimetafakari tangu alfajiri. Kosa si la hoja zangu. Kosa ni la programu. Msomaji ni asiyetikisika? Vema! Nimeigeuza. Sasa kila dakika inayopita bila mtikisiko wowote, chipu inaongeza msomaji mmoja. Fundi redio kauliza kama nimelifikiria vizuri. Wivu.

Ubao wangu wameshaung'oa. Uko stoo, nyuma ya mifuko ya saruji, Sehemu ya Kumi na Nne ikiwa imebandikwa vilevile. Saa tatu asubuhi nimemweka Shahidi mbele yake, nikafunga mlango kwa kufuli, mtu asije akaharibu jaribio.

Jumanne, 11 Machi

Saa tatu kamili nimefungua kufuli.

1,440!

Kwa siku moja! Na hakuna hata mmoja aliyepiga mwayo. Nimemwandikia mwenyekiti aitishe kikao cha dharura.