Sikukataa Kupigana, Nilikataa Java

Kwa Bibi Froukje Hoitsma,
Mwenyekiti, Kamati ya Jiwe la Kumbukumbu,
Kijiji cha Oosterwier, Friesland, Uholanzi.

Bibi Mwenyekiti,

Nina miaka tisini na tatu. Nimezika wake wawili, farasi wanne, daktari aliyenikataza tumbaku, na karibu wote walioniita mwoga. Shule niliiacha mapema, ng'ombe walinihitaji, kwa hiyo mwandiko usikusumbue.

Nimeona jiwe mlilotusimamishia mbele ya kanisa, sisi tuliogoma kwenda vitani Java, koloni letu lililotaka uhuru, mwaka 1947. Jina langu limekaa vizuri. Chini yake mmechonga: ALIKATAA KUPIGANA. Bibi, hayo ni matusi. Vitukuu wangu watasoma wadhani wametokana na mwoga. Nalalamika hivi:

1. Sijakataa kupigana hata siku moja. Nilimpiga mwoka mikate kwa udogo wa mkate. Nilimpiga shemeji yangu kwenye harusi yangu, naye akanirudishia kwenye yake. Sajini aliyekuja kunikamata tulikung'utana hadi mferejini, na ni mimi niliyemvuta nje, maana hakujua kuogelea.

2. Nilichokataa ni Java. Wajerumani walikuwa wametoka juzi tu jikoni kwa mama, wamekula siagi yetu miaka mitano bila kukaribishwa. Na mimi nivuke bahari nikaingie jikoni kwa mama wa mtu, nimwambie ni kwa faida yake? Hakuna Mjava aliyewahi kunitukana. Ningeanzia wapi?

3. Serikali yenyewe ilisema ile si vita, ni kazi ya polisi. Sasa mtu anakataaje kupigana pasipo na vita? Nilifungwa miaka mitatu kwa kukataa kitu kisichokuwepo. Gerezani pia nilipigana.

4. Kwa hiyo futeni, mchonge: GOSSE TADEMA, ALIPIGANA NA KILA MTU ISIPOKUWA WATU WA JAVA. Nyuma yake, majina ya niliowapiga. Jiwe lisipotosha, leteni kubwa. Likikosa nafasi, kanisa lisogezwe, siku hizi halijai.

5. Durk Bonnema, aliyekwenda Java akarudi, kila akinikuta dukani husema, "Gosse wee, jifiche, panzi huyo anakuja." Akisoma jiwe lenu atacheka mpaka meno ya bandia yamdondoke.

Nisalimie mumeo, wajumbe wote, na mchonga mawe, ambaye herufi zake ni nzuri hata akichonga uongo.

Ni mimi nisiyekubali,
Gosse Tadema

N.B. Nikiwa njiani kuiposti, nimemkuta Durk kwenye jiwe, anafuata jina langu kwa kidole. Hakucheka. Ameniambia alichofanya kule, na hicho sikiandiki. Kisha akasema, "Nizabe moja, Gosse. Nimekuita mwoga miaka yote hii." Kidevu alikileta karibu kabisa, na ngumi yangu bado nzito. Nimekataa. Yaacheni maneno yalivyo. Shahidi wangu ni Durk Bonnema.