Mwezi wa Kumi na Tatu

Ilitangazwa kwa wafanyakazi wote wa Idara ya Mizani, Addis Ababa, kwamba kuanzia asubuhi hiyo akili zao zitapimwa kama nafaka sokoni. Atakayebainika hamudu kazi atarudi nyumbani siku hiyohiyo, na karatasi yoyote aliyoitia sahihi itakuwa batili. Mkurugenzi, Ato Dagnachew, aliitunga kanuni hiyo mwenyewe na akaipenda mno.

Wa kwanza kupimwa alikuwa Waizero Yeshimebet, mama wa masjala. Kosa lake? Alimzika kaka yake, akalia mezani, kisha akathubutu kuomba siku tatu za kupumzika. Miaka kumi na tisa hajapoteza faili hata moja, lakini machozi, alieleza mkurugenzi, hulowesha nyaraka za serikali.

Fomu ya kupimia ilitoka ng'ambo, na majibu yake kwenye bahasha. Maswali tisa mama wa watu aliyajibu bila kuyumba. La kumi likauliza mwaka una miezi mingapi.

"Kumi na mitatu," akajibu.

Bahasha ikasema kumi na miwili. Ato Dagnachew akashusha pumzi kwa huruma ya kiofisi. Yeye mwenyewe kazaliwa Pagume, huo mwezi wa kumi na tatu wa kalenda ya Ethiopia, na kila mwaka huufanyia karamu. Lakini fomu ni fomu. Akaandika barua ya kumwachisha kazi palepale, akaigonga muhuri.

Yeshimebet aliipokea akiwawaza watoto wawili wa marehemu, ambao sasa wanakula kwake. Alipofika mwisho wa barua, akaigeuza imwelekee mkurugenzi.

"Ato Dagnachew, sahihi hii ni yako?"

"Ya nani tena?"

"Na tarehe?"

"Ya leo. Tatu Pagume."

"Mwezi wa ngapi huo, mkubwa wangu?"

Naibu wake, Ato Tilaye, aliyekimezea mate kiti cha mkurugenzi miaka sita, akaifungua kanuni taratibu na kuisoma kwa sauti. Barua ni batili. Mkurugenzi aende nyumbani.

Mzee akaja juu, akaapa kwamba mwezi huo upo, nchi nzima inaujua. Naibu akaandika pembeni ya fomu: mgonjwa bado anashikilia.

Barua ya kumwondoa aliiandaa Yeshimebet, naibu akatia sahihi, kisha mama akaenda kupumzika siku zake tatu. Tarehe hakuiweka.