Bahari ya Kindu

Wananchi wapenzi, pokeeni habari njema: Kindu ilipata bahari. Ndiyo, Kindu hii hii yetu ya Maniema. Wanaosema bahari iko mbali mno ni watu wasiofuatilia kazi za utawala. Mimi, Onema, niliyekuwa mkubwa wa Kitengo cha Ufugaji wa Samaki na Chaza wa Baharini, nilikuwapo siku ilipozaliwa.

Kitengo chetu kiliundwa Kinshasa, kikaletwa hapa kwa sababu mikoa mingine ilikuwa imekwisha kupewa vitengo vyake. Kazi yetu ilikuwa kumtunza samaki wa baharini tangu yai mpaka sokoni. Tulikuwa na ofisi, muhuri, na magunia ya chumvi ya kutengenezea maji ya vifaranga vya samaki. Tulichokosa ni bahari tu. Chumvi nayo iliisha mapema, maana wafanyakazi wana familia.

Sasa ng'ambo ya mto wetu, upande wa Alunguli, yuko Mama Ramla. Ana vizimba vya nyavu vinavyoelea mtoni, na ndani yake tilapia wanene. Alivianza miaka ya vita, treni ilipokatika na watu wakaogopa kwenda mashambani. Mtaa mzima ulikula kwa mikono yake. Hadi leo watoto wake wanasoma kwa samaki hao, na hana kitu kingine. Nayasema haya ili mjue kwamba tulimfikiria sana kabla ya kumnyang'anya.

Ripoti yangu ilieleza kwamba vizimba vya baharini tunavyo tayari, vimepungukiwa bahari tu. Kinshasa ikafurahi, ikateua Mkurugenzi wa Bahari ya Kindu. Bwana Mkurugenzi, Aimé Mwamba, akashuka kwa ndege asubuhi, arudi nayo mchana ule ule. Pantoni ilikuwa imeharibika, na meli ya Kitengo ingali kwenye bajeti, kwa hiyo tukavuka kwa mtumbwi wa Amuri, yule mpiga kasia anayempelekea Mama Ramla samaki sokoni. Njia nzima Mkurugenzi aliutazama mto kama mtu anayenunua shamba.

Alunguli watu walipiga makofi, maana waliambiwa wapige. Mkurugenzi akasoma amri. Kuanzia saa ile, mto mbele ya Kindu ni bahari. Mwenye vizimba baharini sharti awe na cheti cha unahodha. Asiye nacho, mali yake inahamia Kitengo. Halafu, kwa usalama wa raia, mtumbwi wa mti ni marufuku baharini. Kitapita chombo cha chuma tu. Akatia sahihi, mimi nikagonga muhuri. Ulitoka safi kabisa.

Mama Ramla akasogea mbele.

“Mukubwa, hii maji njo ileile ya jana.”

“Jana ilikuwa mto, mama,” Mkurugenzi akamjibu kwa upole. “Usichanganye tarehe.”

“Na samaki yangu? Nililisha ile samaki wakati risasi inapita juu ya kichwa. Watoto yangu watakula nini?”

“Watakula samaki wa taifa.”

“Njo ileile yangu?”

“Ile ile, lakini chini ya usimamizi.”

Mama Ramla akakaa chini kwenye mchanga, akalia. Nilisikia uchungu, kwa kiwango kinachoruhusiwa na cheo changu.

Mkurugenzi akatazama saa. “Twende. Ndege hainingoji.”

Amuri alikuwa ameuvuta mtumbwi wake nchi kavu, ameupindua, na amekaa juu yake.

“Wapi, mukubwa?”

“Ng'ambo.”

“Ng'ambo ya bahari? Mimi sina meli. Iko mutumbwi ya muti tu.”

“Nakuruhusu.”

“Amri inakataza, na sahihi njo yako. Nikikuvusha, utanifunga.”

Tukawageukia wapiga kasia wengine. Wote walikuwa wamepindua mitumbwi yao, na hakuna aliyecheka. Waliisikitikia sheria kama watu waliofiwa. Mkurugenzi akaniagiza nilete meli. Nikamkumbusha bajeti.

“Basi, Onema, andika kwamba bahari imesimamishwa kwa muda.”

“Kwa muda hapana,” Mama Ramla akasema, huku akijifuta machozi. “Ukifika kwako utaianzisha tena. Iishe.”

Mkurugenzi akatazama mbingu, akatazama saa, akaandika: bahari ya Kindu imefutwa, pamoja na yote yanayoihusu. Muhuri niligonga juu ya goti langu.

Amuri akasomewa, akaridhika, akausukuma mtumbwi majini, Mama Ramla akapanda na beseni lake la samaki wa sokoni. “Ingia, baba Aimé.”

“Bwana Mkurugenzi,” nilimsahihisha.

“Mukurugenzi ya nini?”

Aliuliza kwa nia njema, naye alistahili jibu. Nikaisoma tena ile karatasi nimtafutie: cheo kilikuwa kimefutwa pamoja na bahari, na changu nacho.

Mitumbwi yetu huvuja. Kwa desturi ya mtoni, mwenye cheo hukaa kimya, mwenye mzigo hushika mzigo wake, na asiye na kimojawapo huchota maji na kuyatupa nje. Baba Aimé alipewa kopo la maziwa, mimi nikapewa sufuria. Tulipofika katikati ya mto, ndege ilipita juu yetu ikielekea Kinshasa, naye akainua uso kuitazama.

“Usiache, baba,” Amuri akamwambia. “Maji inajaa.”

Akainama, akaendelea kuchota. Mama Ramla alikuwa ameshika beseni lake la samaki, kwa hiyo yeye hakuombwa kitu.