Kuhusu Pengwini Wenu Aliyeitwa Baba

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi,
Nyumba ya Samaki, pale ufukweni.

Naamini theluji bado inawalemea huko kaskazini. Huku kusini ninakochimba handaki theluji haianguki, yanaanguka mawe tu. Nakuombea afya njema wewe, wafanyakazi wako na samaki wako, ingawa hao wa mwisho ndio ninaowashitaki.

Mimi naitwa Kasai Tokuji. Shule niliiacha nikiwa na miaka kumi na mitano nikaingia kwenye boti ya ngisi, na ngisi walipoadimika nikaingia kwenye mahandaki. Nyumbani nafika mara mbili kwa mwaka: Mwaka Mpya, na mwezi wa nane tunapokaribisha roho za marehemu wetu zinaporudi nyumbani. Kwa hiyo watoto wangu wananiona mara moja tu zaidi ya wanavyomwona babu yao, ambaye tulimzika. Chinatsu ana miaka mitano, Daigo mitatu. Safari hii nilipovua viatu mlangoni walijificha nyuma ya mama yao, Mitsue, wakauliza huyu mjomba atalala wapi.

Ndiyo maana tarehe nne Januari, siku yangu ya mwisho ya likizo, niliwaleta kwenu kutazama samaki. Nilitaka jambo moja: kabla sijapanda treni, mmoja wao aniite Baba. Kilichotokea ni hiki.

1. Nilinyamazishwa. Samaki ndiyo elimu pekee niliyo nayo, nami niliwapa wanangu bila ubahili. Kwenye tangi la dagaa nilisema hawa ni chumvi, makaa na figili iliyokunwa. Kwenye tangi la vibua nilisema siki. Kwa bunju nilisema huyu ana sumu, usimpikie mtu unayempenda kama huna leseni. Mheshimiwa, wewe na mimi tunajua kwamba hakuna mtu wa nchi hii anayesimama mbele ya samaki asiseme ni mtamu. Hata bibi mmoja nisiyemjua aliyekuwa pembeni yangu aliafiki, akaongeza tangawizi. Hapo Chinatsu akanishika kidole. Likizo nzima alikuwa hajanigusa.

Ndipo akaja binti yenu mwenye viatu vya mpira, akainama mara mbili, akasema, "Samahani sana mgeni wetu, kuna watoto wa chekechea wanalia." Nilitazama. Walikuwa wawili tu, na wangu hawakuwamo; wangu walikuwa na njaa. Lakini ameinama, nami nimelelewa, ikabidi niiname. Na mtu hawezi kuinama ipasavyo huku kidole chake kimeshikwa. Nilipoinuka, Chinatsu alishakwenda kwa mama yake.

2. Mmempa pweza jina. Kibao kinasema anaitwa Bi Otowa, anapenda kufungua chupa na anaogopa mwanga mkali. Mitsue alikuwa ameamka alfajiri kuchemsha pweza wa chakula chetu. Tulipofungua boksi, Chinatsu akatazama mguu mmoja mwekundu, akauliza, "Huyu alikuwa anaitwa nani?" Mitsue akaniambia, "Baba Chinatsu, jibu wewe. Si ndiwe mtaalamu?" Pweza mzima nilimla peke yangu nyuma ya duka la zawadi, nimesimama kwenye theluji, kama mwizi.

3. Sasa nafika kwenye jeraha lenyewe. Saa nane mliwatoa pengwini kutembea juu ya theluji. Tulisimama pembeni ya kamba mpaka miguu ikafa ganzi. Wa nne katika mstari, yule mnene anayetembea kama msimamizi wetu akitoka kunywa, alisimama mbele ya Daigo. Daigo akavua kofia, akamwinamia, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Karibu nyumbani, Baba."

Watu walicheka. Chinatsu akamsahihisha mdogo wake, "Wewe mjinga, huyo si Baba. Baba yuko kwenye simu."

Mimi nilikuwa nimesimama katikati yao, Mheshimiwa. Nilikuwa nimeshika begi la nepi.

4. Kwa hiyo naomba fidia, nayo nimeifikiria bwenini kwa siku tatu usiku. Pengwini wenu analishwa kwa mkono. Daktari humpima kila mwezi. Hutembea nusu saa kwa siku na kupigiwa makofi. Analala na mke wake na watoto wake katika chumba kimoja. Mimi hutembea kilomita mbili gizani kabla sijashika nyundo, na hakuna aliyewahi kunipigia makofi. Kama yeye ndiye Baba, basi ashike majukumu ya baba. Mleteni huku. Kofia ya chuma nitamwachia, itabidi tu kukaza mkanda. Nami nitashika nafasi yake kwenye mstari, ya nne. Baridi nimeizoea, samaki wabichi nawala, na kuinama, kama ulivyosoma, naweza.

Naomba jibu kabla ya zamu mpya kupangwa. Msalimie binti wa viatu vya mpira. Alifanya kazi yake. Wasalimie bibi wa tangawizi akirudi, vibua, dagaa, na Bi Otowa, ambaye namwomba radhi kwa kumla ndugu yake.

Wako katika vumbi,
Kasai Tokuji

Nyongeza: Bahasha hii ilikuwa imeshafungwa nilipoletewa barua ya nyumbani. Ndani mna picha aliyochora Chinatsu: pengwini mnene, kichwani kofia ya njano ya chuma, mkononi ngisi. Juu yake ameandika kwa herufi zake zilizopinda: BABA. Mitsue anasema nyingine kama hii imebandikwa mlangoni, na kila jioni Daigo anaiinamia na kuikaribisha nyumbani.

Tafadhali, Mheshimiwa, msimguse yule pengwini. Asiletwe popote, na asipunguzwe unene. Kila nikimaliza zamu najifunza mwendo wake kwenye ujia wa bweni, na wenzangu wanacheka mpaka wanamwaga chai. Mwezi wa nane nikishuka kwenye treni nataka wanitambue kutoka mbali.